Katibu na Mpira wa Maji

Jumatatu, 14 Aprili

Ushindi! Si wa timu. Timu ilichapwa tatu bila juzi. Ushindi wangu mimi.

Saa tatu asubuhi simu ikalia. Gerald Pinder, katibu wa Oxmarsh United, kuhusu ile mechi yetu iliyoahirishwa Januari uwanja ulipoganda. Akataka tucheze Jumatano jioni, tarehe ishirini na tatu. Nikamwambia Jumamosi tarehe ishirini na sita, saa tisa mchana, kwetu, la sivyo aende akalalamike kwenye ligi. Nikamsikia akimeza mate. Halafu akakubali!

Miaka kumi na moja mimi ni katibu wa Skelbrough Town. Miaka kumi na moja Gerald ananionea. Ana kalamu ya wino. Ana kitambulisho chenye picha, kakitia nailoni, anakivaa shingoni hata akienda msalani. Leo nimemkomesha. Nikamalizia kwa kumwambia, "Mpira ni Jumamosi, Gerald." Nilipokata simu nikajipigia makofi jikoni.

Nikaiandika mechi kwenye kalenda ya friji kwa kalamu nyekundu. Nafasi tele. Kulikuwa na kadi fulani ya maua imeziba wiki ya mwisho, nikaisogeza chini ya ile sumaku tuliyonunua Whitby ili kalenda ionekane vizuri.

Jumatano, 16 Aprili

Noreen amerudi na kofia. Ya zambarau, upana wa dishi la setilaiti. Akaniuliza kama suti yangu bado inanitosha. Nikamuuliza nani amekufa.

Akanitazama. Miaka thelathini na nne ya ndoa imenifundisha kucheka haraka mke wangu akinitazama hivyo. Nikacheka. Naye akacheka, akasema, "Wewe Clive, iko siku utani wako utakuponza." Alipopanda juu nikakimbilia friji. Nikainyanyua sumaku.

Tamsin na Jordan. Kanisa la Mtakatifu Oswin. Jumamosi, tarehe ishirini na sita Aprili, saa sita mchana!

Tamsin ni mtoto wa dada yake Noreen, nusu ya utoto wake kaumaliza kwenye kochi letu. Yeye hana taabu. Taabu ni Jordan. Jordan Sowerby ndiye mshambuliaji wetu. Msimu huu tumefunga mabao thelathini na moja, kumi na tisa ni yake. Siku za kazi anapiga lipu nyumba za watu, kwa hiyo uwanja mzima unamwita Lipu. Tukiwa na Lipu sisi ni timu. Bila Lipu sisi ni watu kumi waliovaa nguo zinazofanana.

Chini ya kadi, kwa mwandiko wa Tamsin: Mjomba Clive, usisahau wewe ndiye unayesoma somo kanisani!

Nikakaa sakafuni. Yaani nimepanga mechi siku ya harusi ya mfungaji wetu. Siku ya harusi ya mtoto wetu. Na sikuipanga kwa bahati mbaya tu, nimeipigania!

Noreen akashuka, akaanza, "Halafu Clive, kuhusu ile Jumamosi..." Nikamwambia lazima nikakague nyavu za magoli. Nikazikagua mpaka saa moja jioni. Nyavu ziko salama.

Alhamisi, 17 Aprili

Mpango wa kwanza. Rahisi kabisa. Nimpigie Gerald.

Nikaanza kwa upole. Nikamuuliza hali ya goti lake. Nikasema nimetafakari, nimeona Jumatano ni siku nzuri mno kwa mpira, watu wanatoka kazini, hali ya hewa ya jioni. Nikasikia sauti kama birika linachemka. Ni Gerald, anacheka. Akaniambia maneno yangu ameyachapa kwenye karatasi na kuyabandika ukutani ofisini kwake. Akanisomea, "Mpira ni Jumamosi, Gerald." Kisha akaniuliza, "Ni wewe huyo, bwana, au una pacha?" Basi lao limeshakodiwa. Kila la heri.

Simpendi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mpango wa pili. Kama mechi haisogei, harusi isogee.

Nikaenda kwa Kasisi Philippa. Nikamwambia, kwa uso wa huzuni, kwamba nimesikia nyuki kwenye mnara wa kanisa. Wengi. Wakali. Itakuwaje bibi harusi akiumwa puani? Labda ndoa ifungwe Jumapili, kwa usalama tu.

Kasisi aliruka kwenye kiti. Kwa furaha! Kumbe anafuga nyuki mwaka wa kumi na mbili huu. Hakuna aliyewahi kuniambia. Dakika tano hazikupita, kashavaa lile vazi jeupe la wavu na kubeba mzinga mtupu, na mimi nimeshika ngazi mnarani Ijumaa Kuu. Nyuki hakuna. Kulikuwa na njiwa mmoja, akaonyesha hisia zake juu ya koti langu.

Kasisi akaniahidi kwamba ataniombea masikio yangu. Nyumbani Noreen akasema kuna jambo la Jumamosi anataka nijue. Nikamwambia lazima nifue koti.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Sare mbili mbili ugenini. Yote mawili ya Lipu, moja kwa kichwa, lingine kwa kitu fulani kati ya goti na bahati.

Hesabu sasa ziko wazi. Imebaki mechi moja, ile ya Oxmarsh. Tukipata hata sare, tunabaki. Tukifungwa, tunashuka daraja. Skelbrough haijashuka tangu mwaka 1974, na walioona ule mwaka bado hawataki kuuzungumzia.

Tuliporudi, Mwalimu Cutforth akasimama baa ya klabu kutoa hotuba. Mwalimu Hazel Cutforth ni mwenyekiti wetu. Nusu ya mji huu kaufundisha kusoma yeye, na nusu ile bado inaficha mikono ikimwona. Akasema tunayo bahati, mechi ya mwisho ni nyumbani, tena Jumamosi, watu watajaa. "Na hilo tumshukuru Katibu wetu, aliyekataa kuonewa na Oxmarsh!" Makofi! Mtu akanipiga mgongoni mpaka pai ikanitoka mkononi. Nikaiokota nikaila, ili nisiulizwe kitu.

Lipu akaja kwangu akitabasamu. "Mjomba, kuhusu Jumamosi..." Nikakimbilia msalani. Nikatokea dirishani. Lile dirisha ni dogo kuliko linavyoonekana ukiwa ndani. Nilikaa pale muda, nusu huku nusu kule, watu wa basi namba saba wakinipungia.

Jumanne, 22 Aprili

Nimepata! Sijui kwa nini sikuanza na huu.

Uwanja ukijaa maji, mwamuzi anaahirisha mechi. Ligi inafungwa tarehe thelathini, kwa hiyo mechi itasogezwa Jumanne ya tarehe ishirini na tisa, hakuna siku nyingine. Tamsin na Lipu wanaruka kwenda fungate Alhamisi. Jumanne Lipu yupo! Anaoa Jumamosi, anafunga Jumanne, hakuna anayejua kwamba Katibu alikosea. Safi.

Kasoro moja. Haijanyesha wiki tatu. Utabiri wa wiki: jua. Jua. Jua kali kiasi. Uingereza hii hii, ambako nimeloana kila Aprili ya maisha yangu!

Basi itabidi maji yatoke kwingine. Na maji ya uwanja wetu yana mwenyewe, Alf Threadgold. Miaka sabini na minne, mtunza uwanja. Hanipendi, tangu nilipoegesha gari kwenye bendera ya kona. Ananiita Mzee wa Makaratasi. Watu husema Alf ana mipira miwili. Wa kuchezwa anauchukia kwa sababu unamchubulia nyasi. Anaoupenda ni mpira wa maji. Mita hamsini, wa kijani, unaning'inia ukutani kwenye kigingi chake, na hakuna binadamu anayeruhusiwa kuugusa.

Ila Ijumaa hii mchana Alf anakwenda kukatwa kucha za miguu kwa daktari. Anapelekwa na mke wake. Inachukua saa tatu, wanasema, ni kucha za siku nyingi.

Ijumaa, 25 Aprili

Imefanyika. Imefanyika kupita kiasi.

Saa nane mchana nikaingia uwanjani. Hakuna mtu. Anga la buluu, halina hata wingu la dawa. Nikautandaza mpira wa Alf mpaka goli la upande wa kibanda cha chai, nikafungulia. Nusu saa tu, nikajiambia, kiasi cha kulainisha. Nikaingia kibandani. Kibanda ni cha Noreen, siku za mechi ndiye anayeuza chai na pai na njegere za kuponda. Kulikuwa na pai ya Jumatatu. Kulikuwa na kiti cha kukunja. Nikafumba macho kidogo, kutafakari.

Nikaamshwa na bata.

Saa kumi na moja kasoro! Mbele ya goli kuna ziwa. Bata wawili wameshahamia, na walivyokuwa wakitazamatazama ilionekana wanapanga vyumba. Nikafunga bomba, nikauviringisha mpira wa maji vizuri, nikaurudisha kwenye kigingi. Hakuna ushahidi wowote. Kazi ya kitaalamu.

Nikapiga simu ligi. Nikasema kwa sauti ya msiba kwamba uwanja umejaa maji. Jamaa akasema kwao jua linawaka. Nikasema na kwetu linawaka, ila sisi tuko bondeni. Akasema mwamuzi atakuja kukagua kesho saa mbili asubuhi.

Nakwenda kulala mapema, kama mtoto mchanga.

Jumamosi, 26 Aprili, asubuhi

Naandika haya kwenye benchi la kanisa, nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mikono inauma.

Mwamuzi alifika saa mbili kamili. Bi Akhtar, daktari wa meno siku za kazi, na anakagua uwanja kwa jicho lile lile. Akaudondosha mpira mbele ya goli. Ukasema pwap, ukabaki hapo hapo. Akatazama anga. Akatazama bata. Akatikisa kichwa. Moyoni nikaanza kuimba.

Alf alikuwa amesimama kando, kakunja uso, anazunguka lile ziwa. Anasema miaka thelathini hajaona kitu kama hiki. Nikamwambia labda ni chemchemi. Akanitazama muda mrefu.

Halafu Mwalimu Cutforth akauliza tunayo nafasi mpaka saa ngapi. Bi Akhtar akasema anaweza kukagua tena saa tano na nusu. Mwalimu akatoa simu, akavaa miwani, akatuma ujumbe kwa mji mzima. "Uwanja umejaa maji. Njooni na uma. Sasa hivi."

Hapo ndipo nilipopiga hesabu vibaya. Niliwasahau hawa watu. Ni watu ambao Jumamosi nyingi hawafiki mia na hamsini, na wakifika wanazomea, wengi wao wanamzomea kocha wetu wenyewe. Lakini waambie uwanja umejaa maji uone! Robo saa haikupita, wamemiminika. Arobaini na watatu, nimewahesabu. Wana uma za bustani, fagio, ndoo, sponji za kuoshea magari. Mmoja kaja na zulia la bafuni. Bibi yake Lipu, miaka themanini na minane, kaja na uma wa mezani, kwa sababu ujumbe haukusema uma wa aina gani, na akainama nao kwenye kona ya eneo la penalti akitoboa, toboo, toboo, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Halafu akaja bibi harusi! Tamsin, vibanio vya nywele kichwa kizima, gauni la kulalia, mabuti ya mpira, uma wa bustani begani. Dakika mbili baadaye akaja Lipu na beleshi. Vurugu! Akina mama wakapiga kelele kwamba haifai bwana harusi kumwona mwenzake kabla ya kanisa. Ikabidi Lipu apangiwe nusu ile nyingine ya uwanja, afanye kazi akitazama ukuta. Kila akisahau akageuka, wanamzomea uwanja mzima. "Geuka weee! Huna aibu!" Hajazomewa hivyo hata alipokosa penalti.

Na mimi? Nilipewa uma. Na nani? Na Noreen. Basi nikatoboa. Ukichoma uma, ukautikisa, maji yanashuka. Mashimo elfu, mashimo elfu mbili. Maji niliyomwaga mwenyewe kwa saa tatu bure, nayatoa tone kwa tone kwa mgongo wangu. Nikaona wanashinda. Nikachukua ndoo iliyojaa, nikazunguka nyuma ya goli, nikaimwaga pale pale ilipotoka. Sauti ikaja nyuma yangu. "Clive. Hayo maji yanatoka, au yanaingia?" Mwalimu Cutforth. Nikaficha mikono.

Saa tano na nusu Bi Akhtar akaudondosha mpira tena. Ukadunda. Kidogo, kama mzee anayenyanyuka kwenye sofa, lakini ukadunda. Akasema mechi ipo. Watu wakarukiana! Bata wakaondoka kwa hasira. Mimi nikalia kwa sauti. Wakanikumbatia wote, mmoja mmoja, wakisema hakuna anayeipenda klabu hii kama Katibu.

Lipu akaja, uso ukutani bado, akirudi kinyumenyume. Nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, sasa itakuwaje, unaoa saa sita, mechi saa tisa?

Akashangaa. "Si tulishapanga, Mjomba? Kanisani saa sita, picha saa nane, kipindi cha pili naingia. Kocha anajua tangu wiki ile uliyotangaza tarehe. Aunti Noreen hakukwambia? Amekuwa akijaribu kukwambia siku kumi!"

Na Tamsin akapiga kelele kutoka nusu ile nyingine, "Mjomba, mimi nilijua tu umefanya makusudi!" Kumbe sherehe yao iko baa ya klabu, uwanjani pale pale, kuanzia saa tisa. Tangu ana miaka minane huyu mtoto anakuja na mimi kwenye mechi, ananishikia karatasi ninapotangaza kwenye kipaza sauti. Akaona tarehe, akaamini Mjomba wake amemletea mechi kwenye harusi kama zawadi.

Nikasema ndiyo, bila shaka, makusudi kabisa.

Halafu nikaenda kusimama nyuma ya kibanda cha chai, wasinione. Nusura niiharibu siku yake kwa mpira wa maji.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Niandike haraka, wananiita kwenye keki.

Kanisani. Somo langu lilikuwa la upendo, upendo huvumilia na kadhalika. Nikapanda mimbarini, matope mpaka magotini, suti juu ya mabuti. Nikatoa karatasi mfukoni. Nikasoma kwa sauti yangu ya kipaza sauti, "Golini, namba moja..." Ilikuwa orodha ya timu. Somo lilikuwa mfuko mwingine. Kanisa zima likajibu kwa jina la kipa wetu, kama kawaida yao uwanjani. Kasisi Philippa akainama kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Uwanjani watu mia nne na kumi na wawili! Kipindi cha kwanza tulilinda goli la upande wa kibanda cha chai. La ziwa. Juu pakavu, chini uji. Dakika ya kumi na tisa beki wetu akamrudishia kipa pasi, pasi nzuri, salama. Ikafika pale nilipolaza ule mpira wa maji. Ikasimama. Mshambuliaji wa Oxmarsh akaja polepole, karibu aombe radhi, akafunga. Moja bila. Gerald Pinder alikuwa amekaa karibu na meza yangu ya kipaza sauti. Akafungua kalamu yake ya wino akaandika. Nikatamani ardhi inimeze, na kwa jinsi ilivyokuwa laini ingeweza.

Bao langu. Mimi ndiye niliyefunga lile bao, hakuna mwingine. Tunashuka, nikajiambia, na ni mimi. Sikumbuki nilichotangaza mpaka mapumziko. Watu wanasema nilitangaza mara sita gari lililoachwa taa zinawaka, na lilikuwa letu.

Halafu mapumziko lango likafunguliwa. Harusi ikaingia! Kengele za Mtakatifu Oswin zinalia, Tamsin mbele, gauni jeupe, mabuti ya mpira, kofia ya zambarau ya Noreen nyuma yake ikipita langoni kwa ubavu. Watu wote wakasimama. Lipu akakimbia kuvaa. Dakika ya hamsini na mbili nikashika kipaza sauti. "Mabadiliko, Skelbrough Town. Anatoka namba kumi na nne. Anaingia... mume wa Tamsin!"

Sijawahi kusikia kelele kama ile katika uwanja wetu. Alicheza na ua la koti kalichomeka kwenye soksi. Oxmarsh wakamzunguka watatu. Dakika zikaenda. Sabini. Themanini. Mwalimu Cutforth anatembea huku na huku nyuma ya benchi, anamsahihisha kocha matamshi.

Dakika ya themanini na sita. Mpira mrefu, mbaya, wa kubutua tu. Kipa wa Oxmarsh akatoka, akajirusha chini kuudaka. Sasa wao ndio walikuwa wanalinda upande wa kibanda cha chai. Mpira ukaingia pale pale, ukasimama. Kipa hakusimama. Akateleza, akaupita mpira, akampita Lipu, akapita mstari wa pembeni, akaenda mpaka kwenye bango la matangazo mikono imenyooka. Lipu akabaki na mpira na goli tupu. Akamtazama mke wake. Akafunga.

Moja moja! Nikapiga kelele kwenye kipaza sauti kitu ambacho hakikuwa neno. Dakika nne za nyongeza, nikazihesabu kwa vidole. Filimbi! Tumebaki! Mwalimu Cutforth alinikumbatia, Mwalimu Cutforth, akanibusu shavuni, akaona aibu, akaniambia shati langu limetoka. Wasuka Kamba wamebaki darajani! Ndiyo, hilo ndilo jina letu la utani, kwa sababu mji huu zamani ulisuka kamba za meli, na leo hakuna anayejua hata kufunga viatu vyake, lakini tulipiga kelele "Kambaaa!" mpaka nikakosa sauti.

Gerald akanipa mkono, vidole viwili tu. Akaniuliza mahali pasiponyesha wiki tatu pamepataje dimbwi. Nikamwambia, "Bondeni, Gerald."

Halafu Alf. Kanikuta mlangoni mwa baa, kashika kipande cha keki kwenye kitambaa cha karatasi. Akatafuna kwanza. Akasema, taratibu, hata hanitazami, "Mpira wangu wa maji mimi huuviringisha kushoto, Katibu. Leo nimeukuta kulia."

Nikaanza kuikagua keki yake. Alf akamaliza keki, akajifuta. Akasema miaka thelathini anaomba klabu imletee watu wa kuutoboa uwanja upumue, hajawahi kupata hata mmoja, na leo kapata arobaini na watatu bila kuomba. Nyasi zitakuwa nzuri ajabu mwakani. Akaniambia basi, Katibu, yamekwisha, ila nikiugusa tena ule mpira atanitoboa mimi.

Akaniita Katibu. Mara mbili. Hajawahi.

Noreen alikuja akanishika mkono. Akasema, Clive, siku kumi hizi ungenisikiliza dakika moja tu, ungelala vizuri. Nikamwambia ana haki. Kweli ana haki. Nimeapa, hapa hapa, na keki mdomoni: sitapanga tena jambo kwa siri. Nitauliza. Nitasikiliza. Nitasoma kilichobandikwa kwenye friji.

Tamsin ananiita tucheze. Na mabuti.

Jumapili, 8 Juni

Mkutano mkuu wa klabu ulikuwa juzi. Nimechaguliwa tena katibu. Hakuna aliyegombea. Halafu Mwalimu Cutforth akanipa tuzo mpya ya mwanachama aliyejitolea zaidi, uma wa bustani uliopakwa rangi ya dhahabu. Watu wote wakasimama. Alf alipiga makofi polepole kuliko wengine, na kwa muda mrefu zaidi.

Nimeutundika ukutani sebuleni. Noreen kautoa. Nimeutundika bafuni.

Leo Gerald kapiga simu. Wanataka mechi ya kirafiki, Julai, kwetu. Akapendekeza Jumatano. Jumatano! Nikamwacha amalize. Nikamwambia Jumamosi tarehe kumi na mbili Julai, saa tisa, la sivyo aache. Nikamsikia akimeza mate. Kakubali!

Tatizo dogo. Alf anasema kapanda mbegu mpya mbele ya magoli, uwanja usiguswe mpaka Agosti. Nimetafakari. Nyasi zinahitaji nini ili zikue haraka? Maji. Ijumaa ijayo ana kucha. Nitamwagilia mwenyewe, nusu saa tu kila goli, wala hana haja ya kujua. Safari hii nimejifunza: nauviringisha kushoto.

Nimeiandika mechi kwenye kalenda ya friji kwa kalamu nyekundu. Nafasi tele. Noreen alikuwa anaanza kuniambia kitu kuhusu Julai, lakini nilikuwa bado kwenye simu. Kulikuwa na kadi fulani kutoka kwa Tamsin, ina puto, neno Aunti na namba sitini kubwa ya dhahabu, imeziba wiki ya pili. Nikaisogeza chini ya sumaku ya Whitby, kalenda ionekane vizuri.